Nilibisha Hodi Moyoni mwa Shangazi

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya damu. Mbele yangu lilikuwa tone la makamo, limebeba kikapu cha hewa safi.

"Hapa ni wapi?" nikauliza.

"Moyoni mwa shangazi yako Mwanjaa. Na usisukume, mlango mbovu."

Niliamini, maana ukutani ilining'inia picha yangu ya kumaliza kidato cha nne, ile niliyofumba macho. Shangazi ndiye aliyenilea, na picha ile hakubali kuiondoa ukutani. Asubuhi yake alikuwa na miadi ya kliniki ya moyo, mimi msindikizaji.

Foleni haisogei. Naenda mbele, nabisha hodi mara tatu. Mlango wenyewe ni vali, imegandwa na chokaa ngumu kama sufuria la chai la shuleni. Chokaa inabaki kwenye vidole vyangu.

"Karibu, ila hupiti," inasema vali. "Zamani nilifunguka upana wa kifuniko cha soda. Siku hizi kifungo cha shati, na hapo nimejitahidi."

"Si useme utengenezwe?"

"Nimwambie nani? Mwenye nyumba akiulizwa, hajambo."

Mara moyo ukawa chumba cha Dokta Mhando wa kliniki ya moyo. Kifaa chake cha kusikilizia kikatambaa chenyewe kifuani kwa shangazi, kikapanda shingoni. "Kuna mtu anapuliza chupa humu," kikaripoti, "ila anapuliza kichovu."

Akaingia trafiki, kavaa sare nyeupe, ameshika tochi ya kupimia mwendo. Akajitambulisha: yeye ndiye kipimo cha eko, kile kinachopima mwendo wa damu moyoni kwa mawimbi ya sauti.

"Damu ikikimbia mita nne kwa sekunde, kama maji kwenye mpira uliobanwa, mlango umebana vibaya," akasema. "Hii inakwenda tatu. Safari njema."

"Afande!" vali ikapiga kelele. "Inakwenda pole kwa sababu moyo umechoka kusukuma. Njia bado nyembamba!"

Trafiki akajikuna. "Basi aulizwe mwenyewe."

"Mama, unajisikiaje?" akauliza Dokta Mhando.

"Sijambo, mwanangu. Uzee tu."

"Ukipanda ngazi je?"

"Nyumba yetu haina ngazi."

Lile "sijambo" likashuka mdomoni mwake, likakaa kwenye kiti cha mgonjwa, likapimwa, likaonekana zima kabisa, likaruhusiwa kurudi nyumbani. Shangazi halisi akabaki amesimama, anahema.

Nataka kusema. Lakini kwetu mtoto hamsahihishi mtu mzima mbele ya mgeni. Najigusa mdomo, kumbe umefungwa kifungo cha shati. Nakivuta. Hakitoki. Shangazi ananitazama kwa jicho la "thubutu uone". Navuta kwa mikono miwili, uzi unakatika.

"Dokta, kutoka bombani mpaka jikoni anasimama mara tatu! Anajifanya anasalimia kuku. Na mwezi uliopita alizimia palepale bombani. Alipozinduka akatuambia alikuwa anatafuta sindano."

Kuku watatu wakaingia kutoa ushahidi. Trafiki akavua kofia. Dokta akafuta alichoandika.

"Kijana," akasema, "hapo mashine zangu zilikuwa hazijafika. Sasa tunarudia vipimo, tena vizuri."

Vali ikakohoa. "Siku ulipougua malaria, akakubeba mgongoni mpaka zahanati, mlima wote ule, unadhani nani alikuwa anafungua na kufunga?"

"Wewe."

"Na hukunisalimia."

"Shikamoo," nikasema. "Na ahsante. Ahsante sana."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaamka. Kumekucha. Nje shangazi alikuwa anatoka bombani na ndoo ndogo, kanga ya kliniki tayari kiunoni. Akasimama. Akawatazama kuku.

"Shikamoo, Shangazi. Kuku wameamkaje?"

"Mbaruku, usinianze asubuhi yote hii."

Nikampokea ndoo. Hapo ndipo nilipoona vidole vyangu: vyeupe, chokaa tupu. Nyumba yetu ni ya udongo, haijapakwa chokaa tangu ijengwe.

Shangazi naye akaviona. Akajishika kifua.

"Usiku nimebishiwa hodi humu," akasema. "Mara tatu, kwa adabu kabisa."

Akavuta pumzi, safari hii bila kujificha.

"Haya, twende. Leo daktari akiniuliza, namweleza mpaka habari za kuku."