Bamba Namba 318

Mume wangu Alban amechimba mahandaki kwa miaka thelathini na mmoja, lakini handaki la zamani la treni, lile la chini ya mto Hudson, hapiti. Kila siku saa kumi alfajiri huwasha gari, akazunguka hadi darajani na kukaa kwenye foleni saa nzima, ili tu asipite mahali ambapo mimi, kondakta wa treni, hupita mara nane kwa siku.

"Ukuta ule una zaidi ya miaka mia," huniambia. "Na tangu kimbunga kile kijaze maji ya bahari humo, chumvi inautafuna. Kebo za umeme zimo ndani ya zege hilo hilo. Ipo siku, Merle."

"Basi chimbeni upesi hilo handaki jipya la kando yake," humjibu. "Mnachelewa, halafu mnanitisha."

Hilo jipya ndilo lililotugombanisha. Alban alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka kwa sababu ya magoti. Katika chama chao cha wachimbaji, ambao wenyewe hujiita nguruwe wa mchanga na hukasirika ukiwaita kitu kingine, anayestaafu ana haki ya kumwachia kitabu chake cha uanachama mtu mmoja wa ukoo wake. Mmoja tu. Huna kitabu, huna kazi. Baba yake Alban alitoka Grenada akakipata kwa jasho, akamwachia Alban. Mwanangu wa kwanza, Kester, yuko benki na anaogopa hata stoo yetu ya chini ya nyumba. Akabaki binti yetu, Corinne.

Corinne ana miaka ishirini na mitatu, cheti cha kuchomelea vyuma, na miaka miwili kwenye bandari ya Elizabeth, hapa New Jersey, akiziba makontena yaliyopasuka. Alipokuwa mdogo alivaa kofia ya baba yake na kutambaa chini ya meza ya chakula, akipiga kelele tusogeze miguu, anachimba.

"Mwanamke handakini ni mkosi," Alban alisema Jumanne ile, mdomo umejaa samaki wa chumvi. Ndivyo alivyosema baba yake, na ndivyo walivyosema Waayalandi waliomfundisha baba yake kazi.

"Mashine ya kuchimbia mmeipa jina la mwanamke," nikamwambia. "Mtakatifu Barbara, mlinzi wenu ambaye sanamu yake mnaiweka mlangoni kabla hamjaanza kuchimba, ni mwanamke. Mwenye mkosi ni mwanangu peke yake?"

"Tena wanawake wapo chamani, baba," Corinne akasema. "Na hakuna kilichoporomoka."

"Bado."

"Baba!"

Alban akaweka kikombe chini. "Nimewatoa wenzangu wawili kwa mikono yangu hii. Wamekufa. Msiniombe nimtoe na huyu."

Corinne akasogeza sahani yake kando.

"Mama anapita kila siku mahali unapoogopa kupita wewe," alisema. "Mara nane. Ukuta ukishindwa, yeye nani atamtoa? Nataka kumjengea njia nyingine. Basi, sina zaidi."

Alban alitafuna muda mrefu kuliko samaki alivyohitaji. Kisha akasema, "Orodha ya wafanyakazi wa handaki jipya inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Aje mwenyewe, atie sahihi mbele yangu. Saa sita na dakika moja, kitabu ni cha Lyndon."

Lyndon ni mtoto wa dada yake. Kijana mzuri, ila anaweza kulala amesimama.

"Ijumaa aondoke na mimi alfajiri," Alban akaongeza.

"Akakae kwenye benchi tangu alfajiri akimsubiri msimamizi afungue daftari? Aende na treni yangu ya saa nne na robo. Kabla ya saa tano yuko New York."

"Treni yako."

"Treni yangu. Ina shida gani treni yangu?"

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

*

Ijumaa Corinne alipanda behewa la tatu na buti mpya, amezifunga kamba mpaka juu kabisa. Nikapita nikikagua tiketi. Wasafiri wangu wa kila siku nawajua: Bwana Pinsky na gazeti lake dirishani, muuguzi Ligaya anayelala kuanzia Newark. Tukaingia handakini. Saa nne na dakika arobaini treni ikatetemeka, taa zikazimika, tukasimama. Zikawaka zile ndogo za dharura.

"Bi Merle," Bwana Pinsky akaita, "hapa ndipo New York? Mbona wamepunguza taa?"

"Soma gazeti lako, Bwana Pinsky."

"Kwa taa gani?"

Nikazungumza na chumba cha udhibiti kwa redio. Kebo ilikuwa imelipuka ndani ya ukuta, umeme wa handaki zima umekatwa, na kichwa cha treni cha dizeli kingetoka Newark kuja kutusukuma. Saa moja, pengine zaidi. Niliwatangazia abiria hivyo hivyo. Watu hukasirika zaidi ukiwadanganya.

Corinne alinifuata mwisho wa behewa, akashusha sauti. "Mama, kuna njia ya miguu pembeni. Nikishuka sasa hivi, nusu saa niko kituoni."

Ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwangu. Njia hiyo naijua: upana wake kama wa ubao wa kupigia pasi, utelezi mtupu, giza, na juu yake ule ukuta uliotoka kulipuka.

"Ukishuka wewe, wanashuka mia tatu."

"Hawataniona."

"Mimi nitakuona. Kaa."

"Kama usingekuwa kazini je?"

"Ningekuzuia vile vile, na kofi juu."

Akacheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Nami nilirudi behewani nikijua kwamba mimi ndiye niliyempandisha treni hii na mimi ndiye niliyemfungia ndani yake. Simu hazikushika mtandao chini kule. Nilijaribu mara nne. Nikamwomba yule wa chumba cha udhibiti ampigie Alban.

"Merle, mama yangu," akanijibu, "nina treni kumi na tisa zimesimama. Redio hii si ya salamu za nyumbani."

Alikuwa na haki.

Corinne aliomba tochi yangu, akaimulika nje dirishani. Ukuta ulikuwa na michirizi ya kutu na ukungu mweupe wa chumvi, na kipande cha zege kimechomoka, nondo ndani yake zimevimba.

"Hiyo haichomeleki tena," alisema kama daktari. "Hapa ni kufunga handaki zima, kubomoa, kujenga upya. Na huwezi kulifunga kabla lile lingine halijakamilika."

"Wewe ni fundi?" Ligaya akamuuliza. Alikuwa ameamka.

Akamweleza. Behewa zima likasikiliza, maana hakukuwa na kingine cha kufanya. Alipofika kwenye habari ya saa sita mchana, Bwana Pinsky alikunja gazeti.

"Ngoja nielewe. Tumekwama kwenye handaki bovu, na anayetaka kutujengea zima amekwama humu humu na sisi."

"Ndiyo."

"Miaka thelathini nasafiri na reli hii, sijawahi kuona ucheleweshaji wenye akili kama huu."

Watu wakacheka, Corinne naye akacheka. Mama mmoja akamgawia machungwa. Lakini saa ya Bwana Pinsky ni ya zile zinazolia, na ilipolia saa sita kamili, alijaribu kuifunika kwa mkono. Corinne aliinama akalegeza kamba za buti, moja baada ya nyingine.

Dakika kumi baadaye tulihisi kichwa cha dizeli kikigusa behewa la nyuma.

*

Tulitoka kituoni saa sita na nusu. Nilikabidhi treni kwa mwenzangu na kuomba mapumziko yangu ya chakula. Simu zetu zikaamka pamoja, zikijaa matangazo: treni ya saa nne na robo kutoka New Jersey imekwama chini ya mto. Jiji lote lilikuwa limejua isipokuwa waliomo.

"Rudi tu kazini, mama," Corinne alisema. "Nitamwambia mwenyewe."

"Kosa ni langu, nitalisema mimi. Tembea."

Nyumba ya wachimbaji ya kubadilishia nguo iko magharibi mwa jiji, karibu na maji, penye shimo la kushukia. Ndani kuna benchi, makabati, harufu ya buti, na ukutani ubao mkubwa wenye misumari. Upande mmoja umeandikwa JUU, mwingine CHINI. Kila mchimbaji ana bamba la shaba lenye namba yake. Akishuka analihamisha CHINI, akipanda analirudisha JUU. Maadamu kuna bamba hata moja upande wa CHINI, daftari la siku halifungwi na msimamizi haondoki. Sheria hiyo naijua vizuri kwa sababu mwaka mmoja Alban alisahau bamba lake CHINI akaja zake nyumbani. Watu arobaini walimtafuta shimoni kwa saa tatu nzima, yeye yuko mezani kwangu anakula.

Lyndon alikuwa benchini, kalamu mkononi. Alban alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono kifuani. Msimamizi wao, Manus Boyle, mzee mwekundu usoni, ambaye babu yake naye alichimba, alikuwa mezani na daftari mbele yake.

"Bwana Boyle," nikaanza kabla sijavuta pumzi, "mimi ndiye niliye..."

"Afadhali mmekuja," akanikatiza. "Njaa inaniuma, na mumeo amenifunga hapa kama mbuzi."

"Saa sita imepita," Lyndon akasema. "Anti Merle, samahani, lakini imepita."

"Imepita," Boyle akakubali. "Ila orodha imo humu kwenye daftari la siku, na daftari halijafungwa. Siwezi kulifunga. Tazama."

Tukatazama. Ilikuwa saa ya chakula, wachimbaji wote walikuwa wamepanda, mabamba yote yalikuwa yamepangwa upande wa JUU. Upande wa CHINI lilining'inia moja tu, la zamani, limelika kingo. Namba 318. La Alban, na kabla yake la baba yake.

"Nilisikia redioni saa tano kasoro," Alban akasema. Alikuwa akizungumza na ubao. "Treni ya saa nne na robo. Nikalihamisha."

"Lakini wewe uko hapa, mjomba!" Lyndon akasema. "Hujashuka!"

"Sijasema ni mimi."

"Na yeye hakuwa kwenye handaki letu. Alikuwa kwenye treni!"

"Mto ni huo huo," Alban akajibu.

Lyndon akamgeukia Boyle. Boyle akajikuna shingo. "Sheria inasema mtu akiwa chini, daftari linamngoja. Haisemi chini ya wapi. Babu yangu angeiandika vizuri zaidi kama angejua kusoma. Wewe binti, huyo aliye chini ni wewe?"

"Ni mimi," Corinne akasema.

"Umepanda?"

"Nimepanda."

"Kwa hiyo lihamishe nikale."

Corinne hakwenda moja kwa moja. Alimwangalia baba yake kwanza.

"Baba, ulisema hutaki kunitoa."

"Nimekaa hapa kwa karibu saa mbili nikiangalia msumari," Alban alisema. "Mama yako yuko chini, wewe uko chini, mimi mchimbaji niko juu na siwezi kuwatoa. Sasa nimechoka kuogopa handaki lile. Lijengeni jingine." Akasogea pembeni. "Kila siku, ukishuka, bamba. Ukipanda, bamba. Usiwe kama mimi."

"Saa tatu nzima walikutafuta," nikasema.

"Merle, si sasa."

Corinne akalichukua namba 318, akalipangusa kwa mkono wa shati, akalitundika JUU. Boyle akamsogezea daftari na kitabu. Akatia sahihi, Alban akatia yake chini. Kisha Boyle akalipiga daftari kofi, likafungwa, akachukua koti lake akaondoka bila kuaga.

Lyndon alikuwa bado na kalamu. Alban akampa funguo za gari.

"Nirudishie gari nyumbani. Na usilale darajani."

"Na wewe utarudi na nini, mjomba?"

Alban alikuwa anamwangalia Corinne akifunga tena kamba za buti, mpaka juu kabisa.

*

Jioni ilikuwa imefunguliwa njia moja tu kati ya zile mbili za handaki la zamani, treni zinapokezana, watu wamesimama mpaka milangoni. Nikipita behewa la tatu niliwakuta, Corinne dirishani, Alban kando yake amekaa wima kama yuko kwa daktari wa meno. Alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Tiketi," nikasema.

"Mimi mumeo."

"Mume wangu hupita darajani. Wewe sikujui. Tiketi."

Bwana Pinsky, kiti cha nyuma, alicheka mpaka akakohoa. Alban akatoa tiketi, nikaitoboa. Taa za kituo zikaisha, ukuta ukaanza kupita karibu na kioo. Alban alifumba macho.

"Fumbua, baba," Corinne akamwambia. "Nionyeshe. Kebo zinapita upande gani?"

Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akaachia kiti kwa mkono mmoja, akanyoosha kidole na kuanza kumweleza.