Jogoo wa Shaba na Wengineo

Siku ya tuzo ilianza kwa Mama Mkasi kumgeuza mama yake kitandani. Alimpaka mafuta mgongoni, akamkagua nyonga kama ngozi haijachubuka, akabadilisha shuka kwa kumvingirisha upande mmoja kisha wa pili. Ni kazi ambayo mtu mmoja huiweza akiacha kuona huruma. Mama mtu alikuwa ameshapoteza macho na miguu ilikuwa imegoma, lakini masikio yalikuwa mazima, na ulimi ulikuwa mzima kuliko masikio.

"Redio ina betri?"

"Ina."

"Mpya?"

"Mpya, mama."

"Na mwaka huu watakutaja?"

"Watanitaja."

"Hata mwaka jana ulisema hivyohivyo. Mtoto wa jirani anauza mkaa, na mtaa mzima unajua anauza mkaa. Wewe unatoka asubuhi tangu ukiwa msichana mpaka umeota mvi, na mimi sijui hata nikuombee dua ya kazi gani."

Mama Mkasi alikuwa mhariri wa filamu. Jina hilo alipewa zamani, filamu zilipokuwa utepe wa kukatwa kwa mkasi na kuungwa kwa gundi. Siku hizi kazi yote ilikuwa ya kompyuta, na mkasi ulibaki kwenye jina na kwenye sugu ya kidole gumba. Alishamweleza mama yake mara nyingi kwamba mtu akipiga picha, mwingine lazima achague kipi kibaki. "Yaani wewe unatupa takataka," mama yake alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Bibi huyo alikuwa akiisikiliza sherehe ya tuzo tangu ilipoanza. Enzi hizo ilitangazwa redioni moja kwa moja, na mtangazaji aliwaeleza wasikilizaji rangi za magauni. Baadaye ikaingia kwenye televisheni isiyo na rangi, kisha yenye rangi, ila redio haikuacha kuirusha pamoja. Tuzo yenyewe ilikuwa jogoo wa shaba, kifua mbele, mdomo wazi. Wenye utani walisema jogoo wa shamba hawiki mjini, na wa shaba hawiki popote.

Kisha mwaka mmoja mwigizaji wa kike alipanda jukwaani na, mbele ya nchi nzima na mke wa mwenyekiti wa kamati, akamweleza mwenyekiti mambo ambayo mwenyekiti aliyajua tayari. Tangu hapo sherehe haikurushwa tena moja kwa moja. Ilifanywa mchana, ikarekodiwa, ikasafishwa, ikarushwa jioni baada ya taarifa ya habari. Kusafisha huko ilikuwa kazi ya Mama Mkasi. Aliifanya kila mwaka, na kila mwaka alimsikia kila mshindi akimshukuru Mungu, mke, wadhamini, na wengineo.

Wengineo mwenyewe alikuja polepole. Katika miaka ya redio, neno hilo likitajwa, kiti kimoja ukumbini kililia kama mtu amekikalia. Televisheni ilipokuja, kiti kilionekana na koti juu yake, kifungo kikiwa kimefungwa. Rangi zilipoingia akawa na uso. Wahudumu walimletea maji, na mtu wa mlangoni akamtengenezea kitambulisho cha shingoni, maana kanuni haikuruhusu mtu kukaa ukumbini bila kitambulisho. Alipewa kiti nyuma ya nguzo. Kiatu chake cha kulia kilikuwa cha dereva na cha kushoto cha mpishi, nywele zake zilikuwa na rangi ya ukutani, kidole kimoja kilivaa kastabini ya mshonaji, na kidole gumba cha kulia kilikuwa na sugu. Akitajwa, aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumsumbua mtu.

Asubuhi hiyo Mama Mkasi alimkuta mwongozaji wake kwenye ujia wa nyuma ya jukwaa, akifunga tai. Watu walimwita Mzee Kofia. Filamu yake ya mwaka ule alimletea Mama Mkasi ikiwa mvua tupu, mvua isiyo na mwanzo wala mwisho, na waigizaji wawili wakigombana chini ya mwavuli. Alikaa nayo mpaka ikawa hadithi ya ndoa, na sasa kila mtu alisema Mzee Kofia anaijua ndoa.

"Dada yangu, usiseme neno," Mzee Kofia alisema. "Najua. Mwaka huu hata nikisahau jina langu, lako sitalisahau. Tazama."

Akamfungulia kiganja. Alikuwa ameliandika humo kwa wino, jina lake kamili, na la baba yake.

"Mama yuko kitandani," Mama Mkasi alisema. "Hana mwaka mwingine wa kungoja."

"Mama yako ni mama yangu," alisema Mzee Kofia, akampigapiga begani kwa mkono ule mwingine.

Mama Mkasi akaenda chumba cha uhariri, nyuma ya ukumbi, akawasha mitambo, akakaa.

Mzee Kofia alishinda, kama ilivyotarajiwa. Ukumbi ulikuwa na joto na taa zilikuwa kali. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, na shaba ikamteleza kidogo, maana viganja vyake vilikuwa vimelowa. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru mke wake. Aliwashukuru wadhamini, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea. Kisha akafungua kiganja na kukitazama. Kilikuwa cha bluu chote.

"Na…" alisema. Muziki wa kumwondoa jukwaani ukaanza. "Na wengineo!"

Nyuma ya nguzo Wengineo akainuka. Alikuwa ameitwa, tena kwa sauti. Alipita kati ya viti akiomba radhi kwa kila aliyekunja magoti, akapanda jukwaani, akampokea Mzee Kofia jogoo kama mtu anavyompokea mwenzake mzigo. Mzee Kofia alimwachia, akasogea. Wapiga muziki walinyamaza kwa sababu hakuna aliyewaambia waendelee.

Wengineo hakushukuru mtu. Alianza kutaja. Alimtaja fundi wa taa kwa jina lake na la baba yake, na fundi wa taa aliyekuwa juu ya ngazi akasema, "Niko hapa," bila kuuachia mwanga. Alimtaja dereva, mpishi, mpaka rangi wa kuta, mbeba nyaya aliyekufa kwa umeme, binti aliyeanguka farasini badala ya nyota wa filamu. Aliyataja yote kwa pumzi moja, kama mtu anayeteremsha vyombo rafuni kimoja kimoja. Katikati ya pumzi hiyo alimtaja Mama Mkasi. Jina lile alilopewa siku ya kuzaliwa, ambalo kazini hakuna aliyelitumia, lilisikika vizuri kabisa katika chumba cha uhariri.

Alipomaliza, alimrudishia Mzee Kofia jogoo wake, akarudi kwenye kiti chake. Watu walipiga makofi ya adabu. Wengine walitazama saa.

Bi Sindano, mshonaji wa mavazi, alikuja mbio mpaka mlangoni kwa Mama Mkasi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Umesikia? Umesikia, mwenzangu? Mimi na majina yangu yote mawili! Nimeshawapigia nyumbani. Nimewaambia leo jioni asilale mtu, hata mtoto anayenyonya."

"Nimesikia."

"Sasa wewe na mkasi wako, usije ukanikata!" Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango, kisha akaondoka.

Baada yake aliingia msimamizi wa kipindi. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye heshima, mwenye haraka.

"Shikamoo, mama. Pale kwa yule bwana wa nyuma ya nguzo, tutoe."

"Yote?"

"Yote. Kipindi kimezidi. Wadhamini siwezi kuwagusa."

"Jina langu limo humo."

"Jina lako lipi?"

Mama Mkasi akalitaja. Msimamizi akalirudia, akalipenda.

"Kumbe! Jina zuri, na sisi tunakuita Mkasi tu kama chombo. Basi hilo libakize, mama. Jina moja halili nafasi. Hao wengine wote toa."

Akafunga mlango taratibu.

Mama Mkasi alikaa mbele ya skrini. Angeweza kukataa, na kazi hiyo ingefanywa na kijana wa chumba cha pili, ambaye asingebakiza hata hilo moja. Hiyo ilikuwa hesabu sahihi, na alikuwa ameifanya mara nyingi kwa mambo mengine. Alifikiria redio yenye betri mpya. Alifikiria mgongo wa mama yake, ambao asubuhi hiyo ulikuwa umebaki mifupa. Akaanza kukata.

Alimtoa fundi wa taa. Alimtoa dereva na mpishi. Alimtoa mbeba nyaya, ambaye alikuwa amemjua, na binti wa farasi. Alipofika kwa Bi Sindano alisimama, akanywa maji, akamtoa. Lilibaki jina moja. Alilisikiliza, akalisikiliza tena, lilikuwa jina lake, halina doa. Aliliunga na makofi, na muungo haukuonekana, kwa sababu alikuwa mhariri mzuri.

Kisha akaenda nyumbani.

Aliiweka redio kwenye mto, karibu na sikio la mama yake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Taarifa ya habari iliisha. Sherehe ikaanza. Mama mtu aliinua kidole kila binti yake alipopumua kwa nguvu.

Mzee Kofia alimshukuru Mungu, mke na wadhamini. "Na wengineo!" alisema. Ikafuata sauti ya Wengineo, peke yake, tulivu, mahali pale ambapo Mama Mkasi alikuwa ameacha jina lake.

"Wengineo," ilisema.

Makofi yakapigwa.

Mama Mkasi hakushtuka. Aliielewa kasoro hiyo palepale, kama fundi anavyoelewa. Wengineo alikuwa ameyashika majina yote kwa pumzi moja, na lililotengwa na wenzake halikuwa na pumzi ya kusimamia. Lilirudi kuwa lilivyokuwa siku zote. Kukata kulikuwa sawa. Kilichokatwa ndicho kilichokuwa kimeshikana.

Mama yake alikuwa akigeuza kitu kichwani.

"Huyo aliyetajwa peke yake," alisema hatimaye. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Kwa hiyo kazini wanakuita Wengineo."

Mama Mkasi alilitazama shuka. "Ndiyo, mama."

"Sasa mbona hukuniambia, mtoto mgumu wewe!" Bibi alipiga godoro kwa kiganja. "Miaka yote nasikia! Tangu redio ile ya mbao! Mungu, mke, na Wengineo. Hakuna mshindi asiyekutaja! Nami nakukalia kooni hapa, nasema mwanangu hajulikani." Machozi yalimtoka kwenye macho yasiyoona, yakaingia masikioni. "Nisamehe, mwanangu. Kumbe wewe ndiye mkubwa wao."

Mama Mkasi alimfuta machozi kwa pembe ya kanga, akaizima redio ili betri zisiishe.

Kesho yake jirani muuza mkaa alipoleta gunia, bibi alimwambia kila kitu. Hadi wiki ilipokwisha mtaa mzima ulimjua Mama Wengineo na binti yake.

Kazini Bi Sindano hakugomba. Familia yake ilikuwa imekaa mpaka wimbo wa kufunga kipindi, na mtoto anayenyonya akiwa macho. Alipokutana na Mama Mkasi kwenye ujia alipita kama mtu anayepita karibu na meza. Mara moja tu, akipima kiuno cha mwigizaji, alisema bila kugeuka, "Mkasi haujui undugu," na mwigizaji akadhani inahusu kitambaa.

Mwaka uliofuata sherehe ilifanywa kama kawaida. Kamati ilikuwa imempa Wengineo kiti chenye meza ndogo inayofungwa mbele, kwa starehe yake, na kuinuka humo kulihitaji mtu wa kukufungulia. Washindi walimshukuru. Aliinamisha kichwa. Katika chumba cha uhariri Mama Mkasi alimsogeza karibu kwenye skrini, akamtazama miguu, nywele, mikono. Kastabini ilikuwepo. Kiatu cha dereva kilikuwepo. Kidole gumba cha kulia kilikuwa laini, hakina sugu.

Akasafisha kipindi, akakikabidhi, akaenda nyumbani. Alivua viatu mlangoni. Redio ilikuwa imeshawashwa, maana muuza mkaa siku hizo alikuja kumwashia bibi, na wawili hao walikuwa wakihesabu kwa vidole kila mara jina lilipotajwa.

"Wengineo!" mama yake aliita kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu anayetaka majirani wasikie. "We Wengineo! Njoo unigeuze, mwanangu, wanakutaja huku!"

"Abee, mama," alisema, akaenda.