Utepe wa Mashine ya Kupima Chuma

Mashine ile umeiona. Usinitolee macho. Ulimpeleka mkweo maabara akapimwe sukari, ukaiona pale kwenye kona, imefunikwa shuka na kufungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi, ukajisemea, "Hayo mambo ya wakubwa," ukarudi kwenye simu yako. Miezi minane ilikaa vile. Miezi minane ulikuwa unapita. Basi leo kaa kitako usikie alichofanya fundi cherehani mmoja, na usijifanye una haraka.

Fundi huyo alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu, na binti alikuwa na thalasemia. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: mwili unashindwa kutengeneza damu ya kutosha, kwa hiyo kila baada ya wiki tatu mtoto anaongezwa damu ya watu wengine. Ungedhani hapo yameisha. Wapi! Kila mfuko wa damu unaingia na madini ya chuma, na mwili hauna mlango wa kuyatolea. Yanajazana kwenye ini, yanajazana kwenye moyo, mpaka moyo unachoka. Dawa ya kuyatoa ipo, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, na vilikuwa vimepangwa vizuri kabisa kwenye kabati la hospitali hiyohiyo. Lakini daktari haandiki kwa kubahatisha. Akitoa kidogo, moyo unazidi kujaa. Akizidisha, anaharibu figo. Anataka namba. Namba inatoka kwenye mashine. Na mashine ina utepe.

"Haijazinduliwa," Katibu wa hospitali alimwambia fundi, mara ya kwanza, ya pili, na ya tisa. Fundi alikuwa anazihesabu.

"Itazinduliwa lini, baba?"

"Mgeni rasmi akipata nafasi, mama. Vitu hivi vina itifaki."

Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara nne. Mara ya kwanza mvua, ya pili msiba, ya tatu safari. Mara ya nne alifika mpaka getini, akapigiwa simu, gari likageuza. Wauguzi waliokuwa wamejipanga na maua wakarudi nayo wodini, wagonjwa wakadhani kuna aliyefariki.

Kabla mashine haijaletwa, damu ya binti ilikuwa inapelekwa hospitali kuu, siku mbili njiani. Majibu ya mwisho yalirudi baada ya miezi mitano, yakisema kwamba mgonjwa ni mwanamume wa miaka sitini na miwili, chuma chake hakina neno, ila apunguze tumbo. Binti aliibandika karatasi ile ukutani juu ya kitanda chake.

"Angalau nimeshastaafu, mama," alisema.

Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Lakini uso wa mtoto ulikuwa umeanza kupiga rangi ya majivu, na ngazi tatu za mlangoni sasa alikuwa anazipanda kwa vituo. Kliniki ya mwisho daktari aliusikiliza moyo wake, akahamisha kile kidude chake, akausikiliza tena, kisha akaanza kuzungumzia hali ya hewa. Fundi hakuipenda ile hali ya hewa.

Ndipo Katibu mwenyewe alipoingia dukani kwake, jasho linamtoka. Mapazia ya wodi zote yalikuwa kazi ya mikono ya fundi, kwa hiyo walijuana.

"Fundi, kuna janga. Panya wamekula utepe."

"Heh! Kwa hiyo panya wamethubutu kuugusa, sisi bado."

"Acha utani, mama. Mgeni rasmi amethibitisha, wiki mbili kuanzia leo. Nataka utepe mpya, upana wa vidole vinne. Na shuka jipya lenye marinda. Na kamto kadogo ka kuwekea mkasi."

"Marinda mangapi?"

"Mengi. Ya heshima."

Fundi alikwenda maabara kuchukua vipimo vya mashine kama anavyompima bibi harusi, kiuno na mabega. Mhudumu wa maabara alikuwa mzee mmoja mwenye miwani minene, wote wakimwita Darubini. Alimsogelea akanong'ona kwamba kemikali za ile mashine zilikuwa za kutosha watu arobaini tu, na zilikuwa zinaisha muda wake mwisho wa mwezi.

"Kwa hiyo mheshimiwa atakuja kuzindua chupa zilizoharibika?"

"Akichelewa wiki moja tu, ndiyo."

Fundi alirudi dukani, akakaa kwenye cherehani, akautandaza utepe mpya mwekundu mapajani. Kisha akafungua kopo la vifungo, akachagua viwili vya kubonyeza, vile vinavyolia *tak* kwenye nguo za watoto wachanga. Alivishona nyuma ya ua la utepe, vikafichika kabisa. Unavuta, utepe unafunguka. Unabonyeza, umefungwa, mzima, haujaguswa na mkasi.

"Mimi nimebakiza miezi sita nistaafu," Darubini alisema alipoonyeshwa utepe mpya ulivyofungwa kwenye mashine. Miwani ilikuwa imeanza kuingia ukungu.

"Mimi nilishastaafu, babu," binti akamtuliza. "Wala haiumi."

"Lakini utepe..."

"Utepe upo," fundi alisema. "Amri ni nini? Usikatwe kabla ya mgeni. Nani amekata?"

Darubini alifikiria. Akavuta. *Tak.*

Bahati ilikuwa upande wao, maana kulikuwa na Kamati ya Mapokezi. Kamati ilikaa kila asubuhi kuanzia saa nne, Katibu akiwa mwenyekiti, na ajenda yake kubwa ilikuwa kama mgeni apewe kiti chenye mikono au kisicho na mikono. Wakati wanajadili mikono, Darubini alikuwa anafungua, anawasha, anapima, anafunga. Namba ya binti ilikuwa ya kwanza kutoka: elfu tano na mia mbili. Mtu wa kawaida hafiki hata mia tatu.

"Mama," binti alisema, akiisoma karatasi, "ukikwama kimaisha, niuze kwa kilo."

Safari hii fundi hakucheka. Alikimbia nayo kwa daktari, daktari akaandika dawa palepale, chini ya namba. Akakimbia nayo dirisha la dawa. Mhudumu wa dirishani akaigeuza karatasi huku na huku.

"Haina mhuri wa Katibu."

"Mwanangu atakufa, dada."

"Nakuelewa, mama. Mimi mwenyewe nina watoto. Lakini bila mhuri sitoi."

Na mhuri ule Katibu alikuwa anatembea nao mfukoni mwa koti, kama wengine wanavyotembea na leso. Ungemwambia nini? Gonga hapa, tumefungua mashine yako? Fundi akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba.

Haikukaa peke yake. Wazazi wengine walinusa habari, wakaja mmojammoja kama watu wanaoleta nguo kushonwa. Mpaka asubuhi ya uzinduzi, mkoba wa fundi ulikuwa na karatasi thelathini na saba, zote na namba, zote bila mhuri.

Asubuhi hiyo Darubini alikuwa amevaa tai. Fundi alisimama kando ya mashine na kale kamto ka mkasi, binti yake kakalia stuli nyuma yake. Nje, gari la mgeni lilishaingia, na mheshimiwa alikuwa anapeana mikono na foleni ya wauguzi. Katibu akaingia mbio kukagua kwa mara ya mwisho. Akaona ua la utepe limekaa upande kidogo. Akalinyoosha kwa kidole.

*Tak.*

Utepe ukaanguka wote, ukamfunika kiatu. Shuka la marinda likateleza upande wa mbele, na mashine, ambayo Darubini kwa woga wake alikuwa amesahau kuizima, ikawaka taa ya kijani na kulia *pii*, kwa adabu kabisa, kama inayouliza nani anafuata.

"Ya moto!" Katibu aliikumbatia kama mgonjwa. "Kwa nini ni ya moto?"

"Homa," binti alisema.

"Fundi! Ushone! Shona sasa hivi, mgeni yuko mlangoni!"

"Nitashona, baba. Sindano ninayo." Fundi akakaweka kamto chini, akafungua mkoba, akatoa bunda la karatasi. "Gonga mhuri kwanza."

"Hivi ni nini?"

"Thelathini na saba."

"Hivi ni vipimo vya kabla ya uzinduzi! Havitambuliki!"

"Basi utepe wa baada ya kuanguka nao haushoneki."

Nje vicheko vilikuwa vimefika muuguzi wa nne kutoka mwisho. Katibu alimtazama Darubini. Darubini alikuwa anatazama dari. Alimtazama binti, binti akamsogezea kidau cha wino.

Akagonga. Alikuwa anagonga kama mtu anayeua mende, huku fundi ameuma uzi, anashona, jicho moja kwenye utepe na jingine kwenye mhuri. Mgeni rasmi aliingia karatasi ya thelathini na tatu.

"Mbona kazi imepamba moto?"

"Taratibu za mwisho, mheshimiwa," Katibu alisema, akagonga nne zilizobaki bila kuinua kichwa.

Mheshimiwa akakata utepe. Akasema kuanzia leo wananchi watapimwa. Watu wakapiga makofi, na binti akapaliwa na kicheko mpaka akapewa maji. Saa hiyohiyo fundi aliomba maji yale yasimwagwe. Akatoka, akarudi kutoka dirisha la dawa na vidonge, akavikoroga humohumo. Binti akanywa.

"Chaki tupu," alisema, akalamba midomo.

Sasa sikiliza, maana hukuitwa hapa kucheka tu. Kemikali zilizobaki zilitosha watu watatu, na mwisho wa mwezi zikatupwa. Nyingine hazijaagizwa, kuna saini imekwama mahali. Mashine imefunikwa tena kwa shuka la marinda, eti vumbi. Na binti yule anatakiwa apimwe tena baada ya miezi mitatu, la sivyo daktari atarudi kuzungumzia hali ya hewa.

Kwa hiyo nyanyuka. Si kesho, leo. Nenda hospitali yako, inua pindo la shuka, uliza: hii inafanya kazi? Kemikali ziko wapi? Saini ni ya nani, na ofisi yake ni mlango gani? Wakikuambia itifaki, vuta kiti, chenye mikono au kisicho na mikono, ukae hapo mpaka wajibu.

Bado umekaa? Vaa viatu.