Safu ya Tatu

Jumamosi ile nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida yake: wageni sebuleni, watoto wa jirani mlangoni, nguo za wiki nzima zimelundikwa kwenye kochi zikingoja pasi. Mama Jalada alikaa pembeni mwa meza ya kulia chakula, kompyuta yake imebanwa kati ya beseni na chupa ya chai, macho mekundu kama ya mtu aliyeshinda akipuliza kuni mbichi. Siku tano za wiki alikuwa mkutubi wa shule. Siku mbili zilizobaki, ambazo wenzake huziita za kupumzika, alitunza jalada la barua za mafundi cherehani, kazi ya kujitolea iliyompa jina na maumivu ya shingo.

Jalada lenyewe ni hivi. Fundi akishindwa na mashine, huandika barua pepe kwenye anwani moja, nayo huwafikia mafundi wote waliojiandikisha, mia sita na arobaini. Anayejua hujibu, na jibu nalo huenda kwa wote. Kisha Mama Jalada huipa kila barua namba na kuiweka kwenye tovuti, mara nyingi bila kuisoma, aisome yeyote, awe fundi au mpita njia. Ndivyo alivyotaka mwanzilishi, mzee mmoja waliyemwita Bobini, kaka wa mume wa Mama Jalada. Elimu ya chumbani, alisema, ni uchoyo. Kwa hiyo katika orodha ile ukibonyeza Jibu, umejibu kadamnasi. Kuna fundi aliyewahi kumwandikia mkewe "kipusa wangu" mbele ya ukumbi mzima, na miaka tisa baadaye bado anaitwa Kipusa.

Safari hii hapakuwa na cha kuchekesha. Asubuhi, kabla hata ya uji, Mama Jalada alipigiwa simu na fundi wa mashine za kudarizi ambaye orodhani hujulikana kwa jina la Zigizaga. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anayezungumza akiwa kabatini. Alisema amehama miezi miwili iliyopita, usiku mmoja, na mashine moja na mtoto mmoja, akimkimbia mume mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Jana fundi mmoja aliuliza orodhani amtumie wapi sindano alizoagiza. Naye, kwa uchovu, akabonyeza Jibu, akaandika mtaa, namba ya nyumba, rangi ya geti na simu mpya.

"Na yeye husoma jalada?" Mama Jalada aliuliza.

"Kila Jumapili, mama. Mimi ndiye niliyemfundisha kutafuta humo, zamani tulipokuwa tunatengeneza mashine pamoja. Anaandika jina langu kwenye kile kisanduku, anaangalia kama nimeandika chochote."

Jumapili ilikuwa kesho.

Kufuta barua moja si kazi. Kazi ni wema wa watu. Fundi wa kwanza kuiona ile anwani alimwonya Zigizaga kwa upole kwamba ameimwaga mbele ya watu, na chini ya onyo lake ikabaki barua nzima, anwani na geti vikiwa humo humo. Wa pili akamshukuru wa kwanza kwa kuonya, na chini yake zikafuata barua zote mbili. Wa tatu akawakumbusha wote wawe waangalifu. Hadi asubuhi ile walikuwa wamefika saba, kila mmoja amebeba anwani ya yule dada mgongoni kama nge aliyepandwa na watoto. Mama Jalada aliandika namba zao kwenye kipande cha karatasi, akashusha pumzi.

Tena hakuweza kuzichomoa tu. Barua moja ikitoka, zote zilizo nyuma yake husogea namba, na mafundi wamezoea kuelekezana kwa namba: kama uzi unakatika, nenda elfu tatu mia mbili na nane. Ilibidi kila barua abadilishe maneno yake, aache ganda. Na kuliruhusu ganda lazima Bobini naye aweke neno lake la siri, kwa maana alikuwa ameapa kwamba jalada halitaguswa na mtu mmoja peke yake.

Alipompigia simu, Bobini alikuwa kibandani kwake, mdomo umejaa pini kama ilivyosikika. Alinung'unika kwamba wakianza kuchomoa uzi mmoja, vazi zima litafumuka. Mama Jalada hakubishana, maana nguvu za kubishana hakuwa nazo. Alimweleza tu habari ya yule mume na Jumapili yake. Pini zikasikika zikitemwa kwenye kopo. Mzee akaweka neno lake la siri mara moja, kisha, kwa ile huruma yake ya haraka, akasema atawaandikia wote mia sita na arobaini waifute hiyo barua masandukuni mwao.

"Shemeji, usithubutu," Mama Jalada alimwambia. "Mbiu ya mgambo ikilia, watu hutoka nje kuangalia. Sasa hivi nusu yao hata hawajaifungua."

Mzee akakubali kwamba mafundi hawasomi chochote kisicho na picha ya gurudumu.

Basi Mama Jalada akaanza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma yake wifi yake, aliyekuwa akipiga pasi na mwenye masikio yanayosikia hata sufuria ya jirani ikifunikwa, aliuliza nani kakimbia nani. Mama Jalada akajibu ni mambo ya kazi. Wifi akasema mambo ya kazi hayamfanyi mtu ang'ate kucha. Mtoto mmoja akamwaga chai, mgeni akaomba chaja, mwingine akauliza kama chakula kimeshaiva au wajipikie. Saa saba na nusu barua zote nane zilikuwa maganda matupu.

Ilibaki daftari. Hili nalo lilikuwa wazo la Bobini, ili mtu asije kusema watunzaji wanaficha elimu: kila kinachoondolewa huandikwa katika daftari lililo wazi kwenye tovuti, safu tatu. Namba ya barua. Jina la mwandishi. Kilichoondolewa. Mama Jalada alikuwa amelijaza kwa miaka kumi na tatu, barua za kurudiwa, matusi, picha za harusi zilizopotea njia. Mikono ilijaza yenyewe. Akafunga kompyuta, akaenda kuosha uso, akajinyoosha kitandani juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa.

Hata dakika arobaini hazikuisha. Wifi aliingia na simu mkononi, uso umemng'aa kwa raha ya mtu aliyefumbua fumbo.

"Wifi, nimemjua mtu wako. Si huyu Zigizaga? Kumbe anakaa geti la kijani, nyuma ya ghala la magodoro."

Mama Jalada aliketi. Aliuliza, taratibu, ameyaona wapi. Wifi akaeleza bila aibu: alilisoma jina juu ya bega lake, akaliandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia, na kisanduku kikamletea daftari. Safu ya tatu. Kilichoondolewa: anwani ya mwandishi. Na baada ya hapo, kwa utiifu wa miaka kumi na tatu, anwani yenyewe, neno kwa neno, mistari minane.

Hakupiga kelele. Alirudi mezani, akamwomba shemeji yake neno la siri mara nyingine, akafuta ile mistari hadi na jina. Halafu akamwambia Bobini kwamba safu ya tatu imekufa, yeye ndiye aliyeiua, na kama anataka kikao aitishe. Mzee alikohoa, akasema angekuwa na akili angeiua yeye mwenyewe zamani.

Simu iliyofuata ilikuwa nzito kuinyanyua. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Alimwambia Zigizaga kila kitu, pamoja na zile dakika arobaini.

Upande wa pili mashine ilikuwa ikicharaza. Ikasimama.

"Aliyeona ni nani?"

"Wifi yangu."

"Anajua kunyamaza?"

Mama Jalada aligeuka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, pasi imening'inia mkononi, raha yote imemwisha usoni. Yale ya mume mwenye mkono mwepesi alikuwa ameyasikia sasa hivi, Mama Jalada akiyasema simuni.

"Atajifunza leo."

Zigizaga alisema ameshafunga mabegi, na hatayafungua hadi Jumatatu. Hakulaumu, wala hakushukuru. Mashine ikaanza tena.

Jumapili ilipita polepole. Mama Jalada alikifungua kile kisanduku kila saa, akaliandika jina, akaletewa maganda. Hakuwa na namna ya kujua nani mwingine anaandika jina lile, saa ngapi, akiwa na hasira gani. Chakula alikiacha kipoe. Wageni walisema anaumwa, akawaacha waseme.

Jumatatu jioni, alipotoka shuleni, ilikuwapo barua mpya orodhani. Mtu aliuliza kwa nini uzi wa chini unajikunja kwenye kitambaa chepesi. Zigizaga alikuwa amemjibu kwa mistari minne: legeza skrubu robo mzunguko, jaribu tena. Hakusema yuko wapi.

Mama Jalada aliisoma hadi chini kabisa, akairudia, ndipo akaipa namba. Wifi alikuwa akipita na kapu la nguo. Macho yake yaliangukia kwenye kioo cha kompyuta, juu ya lile jina, na mdomo ukafunguka.

Mgeni mmoja kwenye kochi aliuliza kuna habari gani huko.

"Hakuna," wifi alisema. "Pasi iko wapi?"