Sponji ya Doreen

Zamani, kila sikukuu ya kijiji, Mwalimu Garside alikuwa akiingiza kichwa na mikono kwenye matundu ya ubao wa kale wa kuwafungia wahalifu mbele ya kanisa, na wanafunzi aliowachapa mwaka mzima wanapanga foleni wamtwange kwa sponji zilizolowa. Hawakuwa na huruma. Maji yalimwingia puani, masikioni, mpaka kwenye soksi, naye anawapigia kelele, "Hesabu hamjui, hata shabaha hamna!"

Mwaka huu, uzeeni, aliomba mwenyewe arudishiwe nafasi yake. Kamati ikakubali, ikamwekea na kiti chenye mto.

Afadhali wangemkatalia. Watoto walirusha kama wanaoweka maua kaburini, sponji zikamwangukia miguuni.

"Pole, babu," mmoja akasema.

Pole! Garside akatamani kulia.

Ndipo Doreen Sugden, mwanafunzi wake wa zamani, sasa bibi mwenye wajukuu, akaegemeza mkongojo wake kwenye ndoo ya sponji.

"Ulinisimamisha kwenye kona wiki nzima, mwalimu. Eti nimeiba chaki."

"Si uliiba!"

"Niliiba. Kwani nani kakataa?"

Akarusha. Pwaa! Sponji ikamjaa Garside usoni, meno ya bandia yakamruka hadi kwenye majani. Mwenyekiti wa kamati akaanza kukimbia na taulo.

Garside akafumbua macho, maji yakimchuruzika kidevuni, akacheka kwa ufizi mtupu.

"Rudi nyuma na taulo lako, wewe! Doreen, piga nyingine."