Kona ya Kaburi la Fanueli

Mhandisi Paschal alikosea kwa sababu ya heshima. Barabara ya kupanda kijiji cha Mamba ilikuwa inachorwa upya, na kona yake mbaya kuliko zote ilipakana na shamba la mjane Hedwiga, alikozikwa mumewe, Fanueli. Kabla ya kona kama ile huwekwa kipande cha mpito, barabara ianze kupinda kidogo kidogo, dereva azungushe usukani taratibu badala ya kuukata ghafla. Kwenye mchoro, kipande hicho kilipita juu ya kaburi. Paschal, Mpare aliyekuzwa akijua kuwa kaburi la mwenye nyumba haliguswi, akakifupisha.

Mchoro ukapitishwa bila swali. Aliyekosa usingizi ni yeye peke yake. Heshima gani hiyo, ya kumtunza aliyekufa na kuwaacha walio hai watumbukie korongoni? Asubuhi moja akapanda kwa mjane.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vigingi vyenu nimeviona. Mmemkwepa mzee wangu. Mungu awabariki."

Baraka ile ilimchoma. Akaketi, akamweleza yote bila kupamba, kwamba kukwepa kule kumeiacha kona na hatari yake.

Hedwiga aliacha kuparua tangawizi. Fanueli alikuwa dereva wa lori. Lilimshinda kwenye kona hiyo hiyo, akiwa anaingia nyumbani kula.

"Kingekuwepo hicho kipande," akauliza, "angepona?"

Paschal angeweza kusema hajui, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Nadhani angepona, mama."

Mama wa watu akalia kwa sauti, kama msiba ni wa jana. Paschal alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwishowe mama akajifuta machozi kwa kanga.

"Chora inavyotakiwa," alisema. "Halafu mje na mchungaji."

Siku ya kuhamisha kaburi ukoo mzima ulifika. Baada ya sala, jembe la kwanza lilikuwa la wafiwa, na Hedwiga akalishika. Shemeji zake walitaka kumpokea, akawakatalia. Akainama, akasema na mumewe kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwamshia alfajiri za safari, akimwita kwa jina la binti yao:

"Baba Asteria, amka. Toka barabarani, watu wapite."

Kisha akapiga jembe.