Ni Mikono Yangu Tu

Baridi ya kusimama si sawa na baridi ya kutembea. Anayetembea ana moto wake mwilini. Anayesimama kutazama wenzake wakipita hana chochote ila alichovaa na alichokoka. Torgeir alilijua hilo tangu utotoni. Alipofika kwenye kona ya Bekkelia, kabla hata ya kumsalimia mtu, alikata matawi ya msonobari akayatandika juu ya theluji mpaka yakawa kama godoro, ndipo akasimama. Ndani ya viatu alikuwa amepanga magazeti ya wiki iliyopita, na mengine kayashindilia kifuani chini ya sweta la sufu, hata kila akijigeuza alichakarika.

"Una panya humo?" mzee Embrik alimwuliza.

"Ni habari za michezo, mzee. Zina joto."

"Kumbe. Mimi nimeweka za siasa, ndiyo maana natetemeka."

Mzee Embrik ndiye aliyekuwa na moto. Kila mwaka siku ya mashindano ya kuteleza kwenye theluji alifika kwenye kona ile kabla ya mtu yeyote, akachimba theluji mpaka udongo, akakoka moto wa magogo, na ole wake aliyetupia kuni mbichi. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wamehamia mjini, na watu wa bonde walisema kwa utani kwamba ule moto ndio familia yake. Mbio zenyewe hakuzijali sana. Alipenda watu waliokuja kuomba nafasi ya kuota mikono.

Torgeir yeye alizijali, na sana. Mwanawe Jostein, kijana wa miaka kumi na minane, alikuwa njiani wakati ule, mbao zake za kutelezea theluji miguuni na fimbo mikononi, akizunguka msitu ule mara tatu. Watatu wa kwanza wangechukuliwa kwenye timu ya mkoa. Torgeir mwenyewe, enzi zake, aliwahi kuwa wa nne, na mtu aliyekuwa wa nne hulala na jambo hilo na kuamka nalo miaka yote. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kusimama kwenye kona, saa ya kupimia shingoni, amwambie kijana yuko nafasi ya ngapi na kumpa kikombe cha sharubati ya moto bila kukimwaga. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kazi hiyo. Kwa hiyo alivua glavu akainyoosha mikono juu ya makaa, akaigeuza na kuigeuza kama mtu anayechoma samaki.

"Ukiigeuza tena tutaitia chumvi," Aslaug alisema.

Aslaug alikuwa jirani yake, mama wa Vegard aliyekuwa timu moja na Jostein. Alikuwa amekuja na birika la kahawa na soseji, lakini namba ya Vegard haikuwa mgongoni mwa mtu yeyote siku ile.

"Wako yuko wapi?" Torgeir aliuliza, ingawa alijua.

"Nimemfungia ndani. Mafua yameingia darasani kwao, nusu ya watoto wamelala. Analia chumbani kama nimemwua."

"Mafua tu, Aslaug? Mwaka mzima wa mazoezi?"

"Mafua tu, ndiyo. Mtu mwenye homa hakimbii, hilo hata ng'ombe wangu wanalijua. Homa hushuka moyoni." Akammiminia kahawa. "Wako je? Si wanakaa dawati moja?"

"Wangu mzima," Torgeir akajibu. "Mzima kama farasi."

Akanywa kahawa ile ikiwa bado inachemka, ikamwunguza ulimi, naye akaona afadhali.

Maana asubuhi ile ilikuwa hivi. Mkewe Borghild alikuwa na zamu ndefu, ya usiku mpaka mchana, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kabla ya kwenda alikuwa ameweka kipimajoto juu ya meza ya jikoni, ndani ya glasi, mahali ambapo mtu hawezi kukikosa. Torgeir alikuwa tangu alfajiri kwenye kibanda cha kuni akipaka mbao za Jostein nta ili ziteleze, maana nta haipakwi na mtu aliyevaa glavu, na kibanda hakina moto. Aliporudi ndani alimkuta Jostein amekaa mezani mbele ya uji, hajaugusa.

"Koo linawasha, baba. Na kichwa kizito kidogo. We unaonaje?"

Torgeir akamwekea kiganja kwenye paji la uso. Lilikuwa la moto. Lilikuwa la moto kama jiwe la jikoni, na hakuna haja ya kupunguza maneno. Lakini papo hapo akili yake ikamletea jibu, tena jibu la mtu mwenye busara: mikono imetoka kwenye baridi, na mkono wa baridi huona kila kitu ni cha moto. Hata maziwa ya jokofuni yangeonekana ya moto.

"Ni mikono yangu tu," alisema. "Nimetoka nje. Huna kitu."

Kijana akamtazama, akaamini. Kwa nini asiamini? Ni baba yake. Akaanza kula uji. Torgeir akachukua kile kipimajoto, akakirudisha droo ya vijiko, akaifunga droo polepole isije ikalia. Mficha maradhi kifo humwumbua, ndivyo wasemavyo. Lakini yule anayeficha maradhi ya mwenzake, methali haikumwambia chochote, na labda ndiyo maana alijiona yuko salama.

Mzunguko wa kwanza Jostein alipita vizuri. Alitokea kati ya miti akiwa na ukungu wa pumzi mdomoni, akanyakua kikombe, akanywa, akakitupa. Torgeir alipolinganisha saa, alikuwa wa pili, nyuma ya kijana mmoja wa bonde la pili mwenye kofia nyekundu.

"Wa pili! Kofia nyekundu iko mbele kidogo tu!"

"Huyo wako anapaa," mzee Embrik alisema. "Mpe soseji, si sharubati."

Watu wakacheka, na Torgeir naye akacheka, akarudi motoni. Aliona kuwa alihangaika bure. Akamega mkate wenye jibini ya kahawia, akampa mzee nusu, akasimulia jinsi kijana alivyojifunza kuteremka mlima wa nyuma ya kanisa akiwa hajui hata kufunga viatu. Aslaug alisikiliza akikoroga makaa kwa kijiti.

Mzunguko wa pili kijana alichelewa kutokea. Alipotokea, midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na jasho lilikuwa limeganda kwenye nyusi. Torgeir akamkimbilia na kikombe, akikimbia sambamba naye kandokando ya njia kama wafanyavyo wote. Jostein alinyoosha mkono, ukakikosa. Sharubati yote ikamwagikia vidole vya baba yake.

"Baba," kijana akasema.

Neno ni hilo moja. Nalo lilitosha. Mtu yeyote aliyewahi kulea mtoto angelijua: halikuwa la mkimbiaji anayeuliza nafasi yake, lilikuwa la mtoto anayeomba aambiwe aache. Torgeir alikuwa na muda wa kuvuta pumzi mbili. Angeweza kumshika bega. Angeweza kusema tosha, mwanangu, twende nyumbani, na siku ingeisha kwa aibu kidogo na kikombe cha maziwa ya moto.

"Bado uko wa pili!" akapiga kelele. "Mzunguko mmoja tu! Sukuma!"

Kijana akasukuma.

Torgeir aliporudi kwenye moto, Aslaug alikuwa amesimama.

"Alikuita?"

"Alikuwa anahema."

"Nimesikia akikuita."

"Anayepanda mlima huhema, Aslaug. Sio kila mtoto wa kulelewa kama yai."

Mzee Embrik akatupia gogo jingine, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha.

Wakangoja. Torgeir akaileta tena mikono mitupu motoni, maana ile sharubati ilikuwa imeanza kuganda kati ya vidole. Kofia nyekundu ilipita kwa mara ya mwisho. Akapita mwingine ambaye hakupaswa kupita kabla ya Jostein, kisha mwingine. Torgeir aliisogeza mikono karibu zaidi na makaa, karibu mpaka ngozi ikaanza kuuma, na hakuiondoa. Alikuwa ameacha kuitazama saa.

"Torgeir," Aslaug alisema taratibu. "Leo asubuhi ulimgusa uso?"

"Nilimgusa."

"Ukaona nini?"

"Mikono yangu ilikuwa ya baridi."

Hapo ndipo akatokea kijana mmoja kutoka msituni, akaacha njia, akasimama mbele ya moto. Mshindani anayesimama katikati ya mbio ni kitu ambacho watu wa bonde lile hawajawahi kukiona, na kabla hajafungua mdomo kila mtu pale alikuwa amekwishainuka.

"Jostein kaanguka," akasema, pumzi zikimkata. "Darajani. Tunamwita haamki."

Torgeir alikimbia. Nje ya njia theluji ilikuwa laini, ikammeza mpaka magotini, naye akaanguka na kuinuka, magazeti yakichomoka kifuani na kubaki nyuma yake moja moja. Aslaug alimfuata. Walipofika darajani, wasimamizi wawili wa njia walikuwa wamepiga magoti. Mmoja alikuwa akikandamiza kifua cha kijana kwa mikono yote miwili, koti lake amemfunika miguu. Mbao bado zilikuwa miguuni. Walikuwa wametuma mtu kwenda kumwita daktari, na Borghild.

"Mfunikeni vizuri," Torgeir alisema. "Amelowa jasho. Atashikwa na baridi."

Yule msimamizi aliendelea, akaendelea, mpaka akachoka, mwenzake akashika zamu, naye akaendelea. Kisha wakatazamana, na aliyekuwa akikandamiza akaketi chini kwenye theluji akavua kofia.

Torgeir akapiga magoti. Mikono yake ilikuwa wazi, glavu zimebaki pale motoni, na viganja vilikuwa bado vyekundu, bado vina joto la makaa ya mzee Embrik. Akamfuta mwanawe theluji kwenye nyusi. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso, vilevile kama asubuhi.

Akakaa hivyo.

Borghild alifika akiwa na sare ya kazini chini ya koti, nywele zimemfumuka. Wakampisha. Alipoinama na kunyoosha mkono kumgusa mtoto, Torgeir akauzuia kwa upole, kama mtu anayemzuia mwenzake asiamshe mgonjwa.

"Usiogope," akamwambia. "Anaonekana wa baridi, lakini ni mikono yangu tu. Nilikuwa naota moto."